Rozela, maini na damu isiyopanda

Figo ya dada yangu niliwekewa Dar es Salaam mwaka 2018, na muda wote damu yangu ilikuwa inacheza kwenye 13. Mwaka jana ikaanza kuporomoka: 11, mara 9, mwisho 6.4. Kutoka kitandani hadi bafuni napumzika njiani.

Kila mtu akawa daktari. Shangazi alileta rozela kwa madumu, jirani akaja na maini, mwingine bitiruti. Vidonge vya kuongeza damu vilinifunga choo tu, na vipimo vilishasema madini ya chuma ninayo tele! Hospitali moja ikataka kunitundikia damu siku hiyohiyo. Nikawaambia subirini nimpigie daktari wangu wa figo. Ukiwa mahututi unaongezwa, hakuna mjadala, lakini damu ya mtu inaweza kuuchochea mwili utengeneze kingamwili zitakazokuja kuishambulia figo uliyopewa.

Sasa niacheni nijisifu. Mimi boksi la dawa silitupi, mke wangu amelalamika hadi amechoka. Nakata kipande chenye jina, nabandika kwa gundi kwenye daftari la shule, pembeni naandika siku niliyoanza. Ukurasa wa pili nabandika majibu ya maabara. Daktari akafungua kurasa taratibu, kidole kikagota kwenye kiboksi kidogo: alopurinoli. Nilipewa zahanati ya mtaani kidole gumba cha mguu kilipovimba kwa jongo, na niliwaambia wazi kwamba nimepandikizwa.

"Na azathioprini unaendelea nayo?"

"Ndiyo, dokta, kila siku." Hiyo ni mojawapo ya dawa zangu za kuuzuia mwili usiikatae figo.

Akashusha pumzi. Alopurinoli huzuia kimeng'enya kinachoivunja azathioprini, basi dawa inarundikana na kuuzima uboho, kiwanda chenyewe cha damu. Ndiyo maana seli nyeupe nazo zilikuwa zimeshuka. Wakilazimika kuzichanganya, azathioprini hupunguzwa hadi kama robo ya dozi, na damu hupimwa mara kwa mara.

Alopurinoli ikaachwa, azathioprini akaisimamisha kwa muda yeye mwenyewe, zile nyingine nikaendelea. Usijaribu kujisimamishia, mwili unaweza kuikataa figo. Vipimo vilinila laki na ushee. Damu ilipanda polepole, ikachukua miezi.

Jongo likirudi, sasa naongezewa prednisoloni siku chache. Muuza dawa akikupa diklofenaki, mrudishie hapohapo, hiyo inaigonga figo yenyewe.