Kile kijiti cha ndani

Juzi mwanangu mdogo kaitoa fidla yangu kwenye boksi lake bila kuniambia, kawasha tochi ya simu kaielekeza kwenye tundu moja la herufi f, jicho kaliweka kwenye tundu la pili, mara nasikia anaita mama, mama njoo, humu ndani kuna kijiti kimesimama.

Nikamwambia ndiyo kipo. Nani kakiweka? Fundi. Kakibandika na gundi? Hapana, hakina gundi, kimebanwa tu kati ya ubao wa juu na ubao wa chini. Akanyamaza, akachungulia tena, halafu akaja na swali ambalo mpaka leo siku ya tatu bado linanizunguka kichwani. "Sasa kikianguka?"

Mi najua kikianguka inakuwaje. Nilikuwa na miaka 13.

Mwalimu wangu wa fidla alikuwa mtu wa kusema "upinde ndo pumzi yako". Wakati ule alikuwa katupa mimi na mwenzangu ile koncheto ya Bach ya fidla mbili, ya D maina, yaani kipande cha wapigaji wakuu wawili na orkestra, mwenzangu fidla ya kwanza mimi ya pili, na watu wengi wakisikia fidla ya pili wanadhani ni ya kusindikiza tu, kumbe kwenye ile kazi, fidla ya pili ndo inayoanza. Sehemu ya kwanza inaanza ya pili. Ile ya katikati, ya polepole, pia inaanza ya pili, unashika noti moja ndefu halafu unashuka ngazi moja moja taratibu kama mtu anayeteremka gizani anatafuta mahali pa kukanyaga, na chini yako kuna besi tu inayokutembeza. Bari mbili, yaani vipimo viwili vya muziki, uko peke yako. Bari ya tatu ndo mwenzio anaingia kwa juu na maneno yaleyale uliyosema wewe. Nilifanya mazoezi ya hizo bari mbili miezi na miezi, nikizipiga kabla ya kulala na nikiamka, na nilikuwa naijua sauti ya fidla yangu pale kama navyojua sauti ya mama yangu akiniita kutoka chumba kingine. Hilo naomba mlishike maana ndo kiini cha haya yote.

Jioni ya kuamkia onyesho nilikuwa na seti mpya ya nyuzi, zawadi. Zangu za zamani zilikuwa za chuma, zimechoka, ule wa A umeshaanza kuchubuka pale kidole cha kwanza kinapokaa. Hizi mpya zilikuwa zile zenye kiini cha sintetiki, wenyewe wanasema zina sauti yenye joto kama za utumbo wa kondoo walizotumia watu wa zamani ila hazisumbuliwi na unyevu kama zile. Na mwalimu alishaniambia mambo mawili, kwamba nyuzi mpya hufungi usiku wa kuamkia onyesho maana zinaendelea kuvutika siku kadhaa na zinashuka kila ukigeuka, na kwamba unabadilisha mmoja mmoja, unatoa huu unaweka huu, zile tatu zilizobaki ziendelee kukaza, maana daraja la fidla, kile kibao kinachobeba nyuzi, nalo halina gundi, limesimama kwa sababu nyuzi zinalikandamiza.

Yote mawili niliyajua na yote mawili niliyavunja. Nilitaka kufuta ule unga wa rozini, utomvu mkavu wa kupaka upinde, uliogandamana chini ya daraja, na kwa nyuzi zote zikiwepo kitambaa hakifiki vizuri, basi nikalegeza G, nikalegeza D, nikalegeza A, nikalegeza E. Daraja likalala. Nikaligeuza lile boksi la sauti kidogo tu nifute pembeni.

Tok.

Kidogo tu, kama kokoto ndani ya kibuyu kikavu. Nikaigeuza upande wa pili, tok-tok-tok, kitu kinabiringika. Nikachungulia kwenye tundu nikaona kijiti cha duara, unene wake kama wa penseli, kimelala chali. Sikujua ni nini. Miaka minne naishika hiyo fidla kila siku na sikuwahi kujua kwamba ndani kuna kitu, nikadhani ni kipande kimemeguka mahali, cha ziada, nitakishughulikia baada ya onyesho. Nikasimamisha daraja, nikafunga nyuzi mpya zote nne, nikazikaza mpaka sauti yake, A nikaipata kwa kile kiuma cha kutyunia, cha hezi 440, kutoka hapo nikazityuni nyingine juu na chini kwa hatua za noti tano tano kama kawaida. Nikaweka upinde.

Nifanyeje niwaelezee ile sauti. Haikuwa mbovu wala haikukwaruza. Noti zilikuwa noti zilezile, F ni F, ila ndani yake hamna mtu. Kama umpigie simu mtu unayempenda akajibu vizuri tu kila unachouliza, na unajua huyu siye. Uzi wa G ulikuwa unavuma kama upepo kwenye chupa, na ule wa E mwembamba, mkavu, unaishia pale pale unapotoka. Nilipiga zile bari mbili mara tatu. Mara ya tatu mikono ikaanza kutetemeka nikaifunga kwenye boksi lake nikakimbia kwa mwalimu.

Alifungua mlango nikasema shikamoo mwalimu, sikumbuki kama aliitikia, maana nilivyokuwa naipandisha ngazi kile kijiti kililia tok na yeye alishakisikia. Akaniangalia. "Nyuzi umezikaza?" Nikasema ndiyo mwalimu. "Legeza. Zote. Sasa hivi, kidogo kidogo, usiache moja." Alikuwa mtu wa sauti ya chini siku zote na hata hapo hakupandisha, lakini alipiga magoti na ile fidla sakafuni pamoja na mimi, tukawa tunazungusha vigingi yeye viwili mimi viwili. Ndipo akanieleza, huku anazungusha, kwamba nyuzi nne zikikazwa zinavuta kwa uzito wa zaidi ya kilo 20, na sehemu ya nguvu hiyo inashuka kupitia daraja kwenye ubao ambao una unene wa milimita kama tatu hivi, na upande wa G kuna mwamba wa mbao umegundishwa chini ya ubao unasaidia kubeba, lakini upande wa E anayebeba ni huyo kijiti peke yake. "Umeuwekea ubao mzigo na chini hakuna aliyesimama," akasema. Ungeweza kudidimia. Ungeweza kupasuka. Akapitisha kidole gumba juu ya ubao taratibu, akawasha taa, akauangalia kwa ubavu, akashusha pumzi. Haukupasuka.

Akakitoa kijiti kwa kuitikisa fidla kichwa chini mpaka kikachomoza kwenye tundu, akaniwekea kiganjani. Kilikuwa chepesi hata sikuuhisi uzito wake. Mti laini wa jamii ya misonobari, ncha zote mbili zimekatwa mshazari kidogo zifuate mbonyeo wa mbao. Akaniambia Waitalia wanakiita anima na Wafaransa âme, maana yake roho. Wajerumani wao wanasema Stimmstock, fimbo ya sauti. Nikamuuliza sisi tunakiitaje, akafikiri, akasema mi nakiita kijiti.

Halafu akaanza kukirudisha, na hapa ndo kumbukumbu yangu inaposimama haitaki kwenda mbele.

Kuna kifaa cha chuma chembamba kimepindwa kama herufi S. Ncha moja ni kali, hiyo unaichomeka ubavuni mwa kijiti kikae kama mshikaki, unakiingiza kwa tundu la f la upande wa E, na ndani kule giza unakisimamisha nyuma kidogo ya mguu wa daraja, milimita mbili tatu tu nyuma yake, mistari ya mbao ya kijiti ikingamane na mistari ya ubao wa juu isije ikauuma. Kikishabana unachomoa ncha, na kama hukubana vizuri kinaanguka. Kilianguka. Akakitoa akaanza tena. Kilianguka tena. Nilikuwa nimeshika tochi, kazi yangu ilikuwa hiyo, na aliniambia nisipumue kwa nguvu, si kwamba pumzi ingekiangusha ila mwanga ulikuwa unacheza. Alishachomoa kile kifundo cha chini kinachoshika kamba ya mkia, pale nyuzi zinapofungwa kwa chini, na kupitia katundu kale kadogo alikuwa anachungulia kama kijiti kimesimama wima au kimeegama, jicho moja kalifumba, shavu limegusa mbao. Jasho lilikuwa linamtiririka sikioni na hakulifuta. Mara ya nne nikasikia kisauti, siyo tok, kitu kidogo kuliko hapo, kama mtu anayebana ulimi. Akachomoa ncha. Kikabaki.

Hakushangilia. Akageuza kifaa upande wa pili wenye meno butu, akakigonga kijiti ndani kule, tik, tik, akachungulia, tik. Akarudisha kifundo, akasimamisha daraja, tukakaza nyuzi kidogo kidogo kwa zamu ili daraja lisiinamie mbele. Akanipa upinde. "Piga."

Nikapiga. Ilikuwa imerudi. Mwili wa fidla ulitetemeka kwenye mfupa wa bega langu na nikaanza kulia nikiwa napiga, mpaka bari mbili zikaisha. Yeye kainamisha kichwa anasikiliza. Akasema bado. Tukalegeza, tik, tukakaza, piga. Bado. Tukalegeza. Ule mguso wa pili ulikuwa mdogo kuliko unene wa ukucha, naapa, na uzi wa G ulifunguka kama dirisha. Mguso wa tatu E ikawa tamu lakini G ikajifunga, akarudisha nusu. Sijui tulikaa muda gani. Mwishoni akaniuliza, "Ndiyo yako?"

Nikasema ndiyo mwalimu.

Na sikuwa na uhakika. Ilikuwa nzuri. Labda ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Lakini ile niliyokuwa naijua kama sauti ya mama anayeniita kutoka chumba kingine, sikuisikia, na kwa kuwa mtu mzima amepiga magoti mbele yangu anavuja jasho usiku ule sikuweza kusema. Nafikiri aliona, maana alipokuwa ananifungia boksi alisema tu, hakirudi palepale kabisa mwanangu, kinarudi karibu.

Onyesho lilipita. Nyuzi zilishuka kati ya sehemu ya kwanza na ya pili kama alivyoniambia zitashuka, tukatyuni mbele ya watu, nikaanza, mwenzangu akaingia bari ya tatu, tukamaliza. Tulipotoka jukwaani akaniambia, "Fidla yako leo ilikuwa na sauti ya mtu mzima." Sikumuuliza kama ni sifa au ni pole.

Miaka yote hii nimejaribu kujua nini hasa kilibadilika na sijaweza, kwa sababu nilibadilisha nyuzi na kijiti siku moja, kwa hiyo hata nikisema ni kijiti labda ni nyuzi, na labda si chochote kati ya hivyo ila ni masikio yangu, kwamba mtu ukishasikia fidla yako ikiwa haina roho hata dakika tano huwezi tena kuisikia kama zamani. Baada ya miezi kadhaa nilirudisha zile nyuzi za zamani ili nilinganishe. Zilikuwa zimekufa, hazikuniambia kitu. Na watu waliokuwa wanaijua ile sauti ya kwanza tulikuwa watatu duniani, mwalimu alishatangulia mbele za haki, na mwenzangu aliacha kupiga miaka mingi na nikimkumbusha ile sentensi yake anasema hakumbuki kuisema.

Tangu siku ile hakijaguswa. Kila fundi ninayempelekea anachungulia anasema dada kijiti kimeshakuwa kifupi, boksi la sauti linapanuka kidogo na miaka, kinabana kwa shida, siku moja kitaanguka, kinatakiwa kukatwa kingine kirefu zaidi. Wa mwisho kaniambia mwezi uliopita. Wako sahihi, najua wako sahihi, nikikaa nacho hivyo nauhatarisha ubao uleule uliosalimika. Lakini kimesimama pale alipokisimamisha yeye, na jeraha lile la ncha ya chuma ubavuni mwake, ukimulika vizuri unaliona, ni la mkono wake. Nimesema nitaileta. Sijaipeleka.

Basi nikamjibu mdogo kwamba kikianguka unalegeza nyuzi haraka, zote, halafu unatafuta mtu. Hakuridhika. Akasema haya piga nisikie hicho kijiti. Nikapaka rozini, nikatyuni, nikaanza ile noti ndefu, nikashuka ngazi moja moja mpaka mwisho wa bari ya pili, nikanyanyua upinde.

Akasubiri. "Mbona umeacha?"

Nikamwambia hapo anaingia mwingine.