Kuhakiki riwaya ya sayari nyingine, na kitabu cha “siku 21”

Msomaji anayeuliza kama anunue Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi (1995), hahitaji kusimuliwa kisa chote. Mwambie Dzombo, mhusika mkuu, anahukumiwa kifo, anafungiwa ndani ya chombo cha angani, na anafika kwingine. Ishia hapo. Kisha uliza: ulimwengu huo una kanuni gani, na mwandishi anazifuata hadi mwisho? Kwenye fantasia, uchawi usio na gharama huua taharuki, maana mhusika akibanwa atachomoa tu hirizi nyingine. Taja ukurasa ambapo kanuni inavunjwa. Bila hivyo, “haikunishika” ni malalamiko, si uhakiki.

Vitabu vya kujiendeleza havina siri ya kuficha, kwa hiyo fukua madai. Chukua lile la kwamba tabia hujengwa kwa siku 21. Chimbuko lake ni Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa urembo, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku kama 21 kuizoea sura mpya. Waliomnakili wakaliangusha “angalau” njiani (lingeharibu jalada, pengine). Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake jijini London, uliochapishwa mwaka 2010, ulikadiria siku 66 kwa mtu aliye katikati ya kundi, lakini tofauti baina ya watu ilikuwa kubwa mno: 18 hadi 254. Kitabu kikishikilia 21 bila maelezo, punguza nyota. Halafu chagua zoezi moja, lifanye kama kilivyoagiza, uandike linakula dakika ngapi kwa siku.