Faiba Haishiki Kutu: Nilivyoiunda Boti ya Doria kwa Kipimo cha 1/35

Boti niliyoiunda ina urefu wa sentimita 28, nayo ni mfano wa boti ya doria ya mtoni iliyotumiwa na Jeshi la Wanamaji la Marekani katika Vita vya Vietnam, aina iliyojulikana kwa herufi PBR. Shemeji yangu aliniletea seti yake kutoka Dubai, boksi moja lililojaa vipande vya plastiki ya kijani, na kuviunganisha vipande hivyo kulinichukua wiki tatu tu. Miezi saba iliyofuata, karibu kila usiku baada ya Isha, nyumbani kwetu Bububu, Zanzibar, niliitumia kwa kazi nyingine kabisa: kuiweka boti hiyo ndani ya mandhari yake ya mtoni, yaani diorama, na kuitia alama ndogo ndogo za kumfanya mtazamaji aamini kwamba chombo hiki kimepigwa jua, kimefungwa na kufunguliwa mara nyingi, na watu wamelala ndani yake. Nilipoanza sikupata maelezo ya kazi hii kwa Kiswahili, na makosa yangu mengi yalitokana na kuiga nilichokiona bila ya kuuliza kimesababishwa na nini.

Mapenzi yangu ya boti za doria yalianza utotoni, tulipokuwa tukizitazama boti za KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo, zikipita upande wa Kibweni. Hata hivyo, vyombo vya vikosi vyetu si vitu vya kwenda kuvipima kwa futi kamba, ilhali picha na michoro ya PBR iko wazi kwa kila mtu, na kwa sababu hiyo nikaichagua. Zaidi ya hayo, kuna jambo lililonivuta kwake. Boti hii ilijengwa kwa faiba, na toleo lake la pili, ambalo ndilo nililoliunda, lilikuwa na urefu wa futi 32. Haikuwa na rafadha wala usukani chini yake. Injini zake mbili za dizeli ziliendesha pampu zilizovuta maji na kuyarusha nyuma kwa nguvu, na kwa hivyo iliweza kupita kwenye maji ya kina cha chini ya mita moja bila ya kunaswa na magugu. Mtu aliyekulia pwani ya maji mafupi anafahamu thamani ya chombo cha namna hiyo.

Kosa langu la kwanza ndilo lililonifunza zaidi. Nilipokwisha kuipaka boti rangi ya kijani iliyokolea, niliitia kutu. Nilikuwa nimezoea kuziona meli za chuma katika bandari ya Malindi hapa Unguja, zile zenye michirizi ya rangi ya udongo inayoshuka kutoka kwenye tundu la nanga, nami nikaichora michirizi hiyo hiyo chini ya kila pete na kila kishikizo, kwa brashi yenye nywele chache sana, usiku tatu mfululizo. Niliipenda. Nikaitia boti ndani ya boksi la viatu, nikaenda nayo mtaa wa Mtoni kwa mzee mmoja ambaye ni fundi wa boti za faiba, jirani wa zamani wa marehemu baba yangu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Lete nikione hicho chombo chako."

Alikishika kwa ncha za vidole, akakigeuza, akakitazama chini kwanza, kama anavyokitazama chombo chochote kinacholetwa kwake.

"Hichi cha chuma au cha faiba?"

"Cha faiba, fundi."

"Basi kutu hii imetoka wapi? Faiba haishiki kutu. Faiba hupauka, hukwaruzika, na chini ikaota mwani. Njoo nikuoneshe."

Alinipeleka kwenye boti moja ya kuvulia iliyokuwa imepandishwa juu ya magogo, na hapo nilikaa zaidi ya saa moja nikiwa na daftari. Rangi ya ubavu wake, iliyokuwa bluu, imekuwa ya chaki, na nilipopitisha kiganja nilitoka na unga. Kila palipokwaruzwa na ukuta au na chombo kingine palionesha mstari mweupe, mwembamba mwanzoni na mpana mwishoni. Mahali kamba ya nanga inapopita pamesuguliwa mpaka pakateleza kama kigae. Penye mstari wa maji kulikuwa na ukanda wa kijani wa upana wa vidole viwili, na juu yake ukanda mwingine wa kahawia, mkavu, uliopasuka pasuka. Chini ya tundu la kutolea maji kulikuwa na doa jeusi lililoanza pana na kumalizikia kama mkia wa panya. Kila alama ina kitu kilichoisababisha. Hilo ndilo lililobadilisha kazi yangu yote, na tangu siku ile sikuweka nukta ya rangi bila ya kujiuliza nani au nini kimeiweka hapo.

Kuifuta kutu niliyoitia kulichukua usiku nne, kwa pamba na spiriti, nikiwa na hofu ya kula na rangi ya chini. Kisha nikaanza kupausha. Sikuchanganya kijani na nyeupe, kwa kuwa nilipojaribu kwenye kipande cha kopo kijani kiligeuka kuwa cha dawa ya meno. Nilichanganya na manjano ya mchanga, nikapaka sehemu zinazotazama juu tu, na sehemu za ubavuni nikaziacha zimekoza. Juu yake niliweka nukta za rangi za mafuta, ya kahawia, ya manjano na ya bluu, ndogo kama mbegu za ufuta, nikazivuta kwa brashi iliyoloweshwa kidogo kwa tapentaini, daima kwa kushuka chini, kwa sababu maji ya mvua hushuka chini. Kwenye kingo za juu za ubavu nilifanya tofauti. Toleo la pili la PBR lilitiwa kingo za alumini kwa sababu sampani, yaani mashua ndogo za mbao za huko, zilizokuwa zikifungwa ubavuni kwa ajili ya ukaguzi zilikuwa zikiichubua faiba. Kwa hivyo hapo pana haki ya kung'aa kwa madini, nami niliusaga unga wa risasi ya penseli, nikausugua kwa kidole pale tu ambapo sampani ingegusa, yaani katikati ya ubavu, si omo.

Baada ya rangi, jambo la pili ni kipimo, na hapa hesabu ni moja tu: kila kitu kigawe kwa 35. Mtu wa sentimita 175 anakuwa wa sentimita 5. Kamba ya unene wa milimita 20 inakuwa zaidi kidogo ya nusu milimita. Kwa kamba nilisokota nyuzi tatu za cherehani, nikazipitisha kwenye nta ya mshumaa ili vinyweleo vilale, kwani unyweleo mmoja uliosimama, ukiuzidisha kwa 35, ni kama kijiti kilichochomoza kwenye kamba. Lakini unene ukiwa sahihi bado uzito haupo. Kamba ya kweli huanguka na kulala. Uzi hujikunja na kusimama kama unywele. Niliiloweka kwa gundi nyeupe ya mbao iliyotiwa maji, nikaizungusha juu ya sitaha, nikaikandamiza kwa sindano kila baada ya dakika chache mpaka ikakauka imelala. Antena nilizitengeneza kwa kijiti cha plastiki nilichokipasha juu ya mshumaa na kukivuta taratibu mpaka kikawa chembamba kama unywele wa farasi.

Turubai la juu ya kiti cha nahodha nililitengeneza upya kwa tishu iliyoloweshwa gundi, kwa sababu turubai hubonyea katikati ya nguzo na plastiki haikubonyea. Pale lilipobonyea niliweka doa la duara, la maji yaliyokauka.

Nilikuwa pia nimekata waya wa shaba vipande vya chini kidogo ya milimita 3, karibu 60, viwe maganda ya risasi za bunduki kubwa mbili za mbele. Vilipendeza mno. Lakini mandhari yangu ni ya ukaguzi wa amani: sampani moja imesimamishwa, mabaharia wanne wa PBR wako kazini, mmoja anapokea karatasi za mwenye sampani, mwingine yuko kwenye bunduki bila ya kuielekeza kwa mtu. Hakuna aliyepiga risasi asubuhi ile, basi maganda yametoka wapi? Niliyaondoa yote, nikayatia ndani ya kikopo, na bado ninayo.

Sampani niliiunda mwenyewe kwa ubao mwembamba, na paa lake la duara ndilo sehemu ninayoionea fahari kuliko zote. Niliangalia vitambaa vya aina nyingi na kila kimoja kilikuwa na nyuzi nene mno. Siku moja mpanda minazi alikuwa akisafisha mnazi wa jirani, na kikaanguka kilifu cha ndani kabisa, kile kichanga, chembamba kama shashi. Nyuzi za kilifu hupishana zenyewe kama mkeka uliosukwa. Nilikiosha, nikakikandamiza kati ya vitabu siku mbili, nikakikata na kukikunja juu ya matao ya chelewa. Hakikuhitaji rangi, isipokuwa majivu kidogo yaliyopulizwa upande wa nyuma, palipo na jiko.

Maji yalinishinda mara mbili. Mara ya kwanza nilimimina resini, yaani plastiki ya majimaji inayoganda, ya kina cha sentimita moja kwa mpigo, mwezi wa Februari, katika joto la kaskazi. Resini inapoganda hutoa joto lake yenyewe, na ikiwa nene joto hilo halina pa kutokea. Yangu ilichemka, ikajaa mapovu, ikawa ya manjano na kupasuka. Bahati nzuri boti ilikuwa bado haijawekwa. Mara ya pili nilimimina kwa tabaka za milimita 2, siku moja kwa kila tabaka, ikatoka safi kabisa, na hapo nikaona kosa kubwa zaidi: nilikuwa nimeunda maji ya Nungwi. Nilikuwa nimepaka sakafu ya chini kwa rangi ya kijani na bluu bila ya kufikiri, kwa sababu ndiyo rangi ya maji niliyoyaona maisha yangu yote. Mekong, mto wa Vietnam niliokuwa nikiuunda, hubeba matope kutoka mbali, na maji yake katika delta ni ya kahawia, mazito kama chai ya maziwa.

Niliivunja kazi hiyo nikaanza tena bila ya resini. Maji ya tope hayaoneshi kilicho chini, kwa hivyo hayahitaji kina cha uwazi. Nilichukua povu gumu jeupe linalofungiwa friji, nikachonga shimo la umbo la boti, la kina cha sentimita 1.7, ambacho ni kiasi cha sentimita 60 za kweli, ili boti izame mpaka kwenye mstari wake. Nikatandika karatasi za chooni, nikazilowesha kwa gundi na maji, nikazisukuma kwa brashi mpaka zikafanya viwimbi vidogo, vifupi karibu na ukingo na virefu katikati ya mkondo. Nikapaka kahawia, nyepesi karibu na tope na nzito katikati, na mwisho varnishi ya kung'aa tabaka sita.

Ukingoni niliotesha minipa, mti wa jamii ya mnazi ambao shina lake limejificha ndani ya tope na majani yake huchomoza moja kwa moja kutoka chini. Makuti yake huweza kufika mita 9, ambayo kwa kipimo changu ni karibu sentimita 26, kwa hivyo ukuta wa majani unaipita boti kwa mbali, na ndivyo inavyotakiwa, maana hofu ya mabaharia wale ilitoka ndani ya majani hayo. Nilitumia ukindu nilioupasua kwa wembe, chelewa ikiwa uti wa kuti. Majani ya chini niliyapaka tope mpaka urefu mmoja, sawa kwa yote. Hilo nilijifunza Pete, kwenye njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko karibu na Jozani, nilikokwenda wakati wa kupwa: maji yakitoka huacha mstari kwenye kila mti, na mstari huo ni wa usawa kama uliopigwa kwa rula, ingawa miti yenyewe imeinama huku na huku. Delta ya Mekong nayo ina kujaa na kupwa, basi mstari huo ni haki yake.

Nilipomaliza nilikodi teksi, kwa kuwa daladala ingenivunjia kila kitu, nikaipeleka Mtoni. Fundi alivaa miwani, akaitazama bila ya kuigusa, muda mrefu. Akauliza kuhusu turubai, akauliza paa la sampani limetengenezwa kwa nini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaonesha kwa kidole kidogo kamba iliyoifunga sampani kwenye boti, ambayo katikati yake imebonyea na kugusa maji.

"Hii imelowa, mwanangu. Mbona rangi yake moja?"

Niliirudisha nyumbani. Usiku ule nikaikoza kamba ile pale inapogusa maji, na kidogo juu ya hapo kwa kila upande, kwani kamba hunywa maji na kuyapandisha, nikaipaka varnishi ya kung'aa milimita 4 tu, nikazima taa.