"Hapana" Kuanzia Juu Mpaka Chini

Jumanne, usiku.

Dodoso la afya ya akili la anayetaka kujiunga na jeshi, likiwa na "hapana" tupu, kalamu haikusita hata mara moja, hunitia shaka kuliko lenye "ndiyo" tatu. Kijana wa miaka 19 asiyewahi kukosa usingizi wala kugombana na mtu? Huyo kafundwa. Na mara nyingi aliyemfunda ni ofisa uandikishaji mwenyewe, kwa kuwa ana idadi ya kutimiza.

Si jambo jipya. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanasaikolojia Robert Woodworth alilitungia jeshi la Marekani maswali 116 ya ndiyo au hapana. Vita vikaisha kabla hayajatumika kwa wingi. Vita vya pili madaktari walikuwa na dakika chache kwa kila mtu. Wakakataa zaidi ya watu milioni moja kwa sababu za akili, na bado walioelemewa vitani walikuwa wengi. Kukaa mstari wa mbele muda mrefu na kupoteza wenzako hakumo kwenye dodoso lolote.

Halafu kuna hesabu. Tuseme makuruta ni 1,000, na 50 wana tatizo. Kipimo kinanasa 40 kati yao, lakini kinamshuku mmoja katika kila kumi ya wale 950 wazima. Umeletewa majina 135, na 95 hawana kitu! Ndiyo maana karatasi peke yake isimkatae mtu. Kazi yake ni kumpeleka kwenye usaili, mlango ukiwa umefungwa, mbele ya mtu asiyeamriwa na ofisa uandikishaji.

Huko yaulizwe matukio kwanza. Umewahi kulazwa? Dawa gani, uliacha lini, nani alikwambia uache? Umewahi kujikata? (Anayepima mwili akiona makovu mikononi au mapajani amjulishe msaili, kovu halijui kudanganya fomu.) PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima sonona, huuliza wiki mbili zilizopita tu, kwa hiyo aliyelemewa na sonona mwaka jana anaipita bila kuguswa.

Uamuzi uwe wa namna tatu: anafaa, hafai, asubiri. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Aliyefiwa na mama miezi miwili iliyopita ana msiba, hana ugonjwa. Aambiwe arudi, na apewe tarehe kwa maandishi. Asipopewa, ataibukia kituo kingine, na safari hii kila jibu lake litakuwa "hapana".