Wamemwingiza?

Juzi mwanangu aliniuliza kama kuna Mtanzania aliyewahi kucheza NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Nikamtajia Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, futi saba na inchi tatu, aliyechaguliwa wa pili, na Memphis Grizzlies, timu zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2009, mbele ya James Harden, mbele ya Stephen Curry. Akaridhika, akaenda zake. Mimi nikabaki na Mei 2013, sebuleni kwa Baba Mkubwa, Ligula, Mtwara.

Msimu ule Thabeet alikuwa Oklahoma City Thunder, na Thunder walikuwa wa moto kweli: walishinda mechi 60, wakapoteza 22, wakaongoza Kanda ya Magharibi. Baba Mkubwa ni mtu wa Yanga na mikorosho yake, kikapu alikuwa hakijui. Lakini aliposikia kuna kijana wetu kule, king'amuzi kikalipiwa, na mimi nikapewa kazi ya kumfafanulia kanuni.

Mchujo ulianza kwa balaa. Mechi ya pili tu dhidi ya Houston Rockets, Russell Westbrook akaumia goti. Houston tukawatoa kwa mechi 4–2, tukakutana na Memphis, walewale waliomchagua Thabeet kisha wakamwachia aende. Ya kwanza tukashinda 93–91. Tatu zilizofuata tukapigwa.

Mechi ya tano kwetu ilianza kama saa kumi na nusu alfajiri, Alhamisi. Baba Mkubwa alikaa mbele ya runinga akiwa ameshavaa kanzu. Adhana ilipolia akainuka kwenda msikitini, akaniagiza nisiondoe macho kwenye benchi. Aliporudi, hata kofia hajavua, akauliza:

"Wamemwingiza?"

"Yuko benchi, Baba Mkubwa."

Akakaa. Zach Randolph wa Memphis alikuwa anatumaliza chini ya kikapu. Mpaka mwisho alifikisha pointi 28 na ribaundi 14. Kila kamera ilipopita kwenye benchi la Thunder, Baba Mkubwa aliinama mbele kumtafuta mtu wake. Ilipoingia robo ya nne uvumilivu ukamwisha.

"Mwanangu, hebu nieleze. Huyu jamaa na yule Gasol wanatuonea pale chini. Sisi tuna mtu mrefu kuliko wote hao, tumemkalisha. Kwa nini?"

Nikaeleza nilivyoweza. Kwamba Randolph haruki sana, anatumia mwili, anatanguliza mguu na bega, na ukishasukumwa nje ya nafasi urefu haukusaidii. Kwamba Thabeet hupata faulo haraka. Kwamba kocha Scott Brooks anawaamini zaidi Perkins na Collison. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, bila kunikatiza hata mara moja.

"Sawa. Huyo Randolph, si amecheza naye Memphis?"

"Amecheza naye."

"Wamefanya mazoezi pamoja?"

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

"Sasa hapo nani anamjua kuliko yeye?"

Sikuwa na jibu. Jua lilikuwa limeshatoka, Mama Mkubwa ameshatuletea chai na mihogo, na hakuna aliyenyoosha mkono. Thunder walikuwa wamejikongoja mpaka tofauti ikabaki pointi mbili. Zikiwa zimesalia sekunde chache, Kevin Durant akarusha ili asawazishe. Mpira ukagoma kuingia. Usiku ule kwao alirusha mara 21, ikaingia mipira mitano. Mechi ikaisha 88–84, Memphis wakasonga mbele kwa 4–1.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Mei 22 mji ulilipuka kwa suala la bomba la gesi, maduka yakafungwa, nani angezungumzia kikapu tena? Msimu uliofuata Thabeet alipata nafasi ndogo zaidi. Mwaka 2014 akaondoka NBA, na hakurudi kucheza tena kule.

Mimi nadhani kocha alikuwa sahihi. Nikimwambia hivyo Baba Mkubwa, hata leo, ananirudisha kwenye mazoezi ya Memphis, na hapo huwa nanyamaza, maana kusema kweli na mimi nilitaka aingie. Hata dakika mbili. Hata tukiwa tumeshafungwa.