Altezza uwanjani Kisongo: ile 60.9 haikuwepo

61.4. Hizo ni sekunde za raundi moja ya gari langu, zimepimwa kwa video, picha kwa picha, na raundi nyingine za seti hiyo ni 61.7, 61.9, 61.6 na 62.1. Raundi tano mfululizo, zote ndani ya nukta saba za sekunde. Nimeusubiri mstari huu wa namba tangu masika yakatike, na Jumamosi iliyopita, hata saa nne asubuhi haijafika, ukapatikana.

Kiwanja ni kilekile: shamba la mzee wetu nje ya Kisongo, Arusha, upande wa Monduli, ambalo likishavunwa anatuachia mpaka siku ya kulima. Raundi moja ni kilomita 1.1, kona saba, matairi chakavu ndiyo koni zetu, na gari linaingia moja tu kwa wakati maana vumbi la pale likishasimama huoni hata boneti yako. Gari langu ni Toyota Altezza RS200, manyuo ya gia sita, injini ya 3S-GE ndani, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Hayo mnayajua. Leo nataka kueleza jinsi nilivyojiwekea lengo lisilowezekana na kulikimbiza wiki sita nzima.

Siku ya kwanza kabisa, raundi ya nne, simu niliyoiweka kwenye dashibodi ipime muda iliniandikia 60.9. Nilipiga kelele mpaka mzee mwenye shamba akatoka nje akidhani kuna ajali. Usiku ule nikafungua daftari nikaandika kwa herufi kubwa: MWISHO WA AGOSTI, CHINI YA 60. Niliona ni haki kabisa. Gari halijaguswa, dereva ndiyo kwanza anajifunza kiwanja, na tayari amebakiza sekunde moja tu. Ukiongeza matairi, pedi za breki na shokapu za nyuma, hiyo sekunde itakosaje kupatikana?

Ilikosekana. Jumamosi ya pili bora yangu ilikuwa 62.3. Ya tatu, 62.0. Nikavua matairi yale ya 215/45R17 nikafunga ya 205/55R16, maana kwenye udongo nataka ukuta wa tairi unaokubali kubonyea, na kimo cha gurudumu zima kinabaki karibu kilekile. 61.9. Nikafunga pedi mpya. 62.1. Nikacheza na upepo wa matairi, 32 mbele, 30, 28, nikarudi 30. Hakuna kilichosogea. Kila wiki narudi nyumbani nimejaa vumbi hadi kwenye kope, natazama ile 60.9 kwenye daftari na kujiuliza ni kitu gani nilikifanya siku ile ambacho sasa nimekisahau.

Hapo ndipo uendeshaji ulipoanza kuharibika. Ukiwa na namba kichwani unayoamini uliwahi kuifikia, unaanza kuilazimisha. Kona ya 2 nikawa nafunga breki kwa kuchelewa mno. Kona ya 3, ile yenye mgunga, nilibomoa ukuta wa matairi mara mbili kwa siku moja, na bampa la mbele mpaka leo limeshikiliwa na waya. Rafiki yangu wa Moshi aliniambia, "Kaka, wewe sasa hivi hauendeshi, unagombana na gari." Iliniuma kwa sababu ni kweli.

Jibu lilitoka kwa mdogo wangu, ambaye wala hakuwa na habari na muda. Yeye alitaka tu kurekodi vumbi linavyopanda na Mlima Meru kwa nyuma, basi akasimamisha simu yake kwenye stendi palepale kwenye mstari wa kuanzia, akaiacha inarekodi. Usiku naitazama ile video nikagundua kwamba gari linapita mbele ya nguzo ileile kila raundi, na video ina picha 30 kwa sekunde. Maana yake ninaweza kuhesabu picha kutoka kupita hadi kupita, na kosa langu haliwezi kuzidi mno nukta sifuri tatu za sekunde. Nikachukua kalamu. Raundi tatu za mwisho, simu iliyokuwa kwenye dashibodi ilisema 61.2, 63.0, 61.7. Video ikasema 62.0, 62.1, 61.9.

Nilirudia mara nne. Namba za video hazikubadilika.

Sasa jumlisha. Za simu zinafika 185.9. Za video, 186.0. Jumla ni moja! Muda haukuongezeka wala kupungua, ila simu iliugawa vibaya: ilimnyang'anya huyu ikampa yule. Nikakimbilia daftari la siku ya kwanza, mikono inatetemeka. 62.2, 61.9, 62.1, 60.9, 63.1, 62.0. Hebu angalia ya nne na ya tano. 60.9 na 63.1 ni 124.0. Gawa kwa mbili: 62.0. Raundi mbili za kawaida kabisa, na katikati yao mstari mmoja uliosomwa mapema mno. Wakati ule niliandika pembeni ya 63.1 kwamba matairi yalikuwa yamechoka. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yangu wiki sita.

Kwa nini ilitokea? Hapa nimekaa sana, na naomba yeyote anayepima raundi kwa simu apasome polepole. Simu ya kawaida inasoma setilaiti na kujua ilipo mara moja tu kwa sekunde. Ukienda kilomita 100 kwa saa, kati ya kusoma kumoja na kwingine umeshapita mita 28, na programu inakisia ulivuka mstari wapi katikati. Kwenye mnyooko inakisia vizuri. Kwenye kona kali inaunganisha sehemu ilizosoma kwa mstari ulionyooka, kumbe wewe ulizunguka. Ongeza na kosa la kawaida la setilaiti, la mita kadhaa. Mimi mstari wangu niliuweka wapi? Kwenye mdomo wa kona ya 7, kwa sababu ndipo penye kivuli na ndipo tunapoegesha. Pale napita kwa kilomita 28 kwa saa, yaani chini kidogo ya mita 8 kwa sekunde. Simu ikikosea mita 9 pale, imekosea zaidi ya sekunde moja. Kosa hilohilo la mita 9 kwenye mnyooko mrefu, ambako napita kwa 95, ni kama nukta tatu na nusu za sekunde tu.

Kwa hiyo mstari wa muda unawekwa mahali gari linapokwenda kasi kuliko pote. Kivuli kitafutwe kwingine. Nimeuhamishia katikati ya mnyooko, na tangu siku hiyo simu na video hazijapishana zaidi ya nukta mbili za sekunde.

Kuhusu vifaa, msimamo wangu sasa ni huu. Kile kipokezi cha setilaiti cha nje ya simu kinachosoma mara kumi kwa sekunde ni kizuri, nimekiona kwa jamaa mmoja, ila bei yake ni ya matairi mawili na mimi ningechukua matairi. Saa ya kubonyeza kwa kidole tuliidharau bure. Mtu akikaa nayo sehemu moja, akabonyeza mwenyewe bila kubadilishana, anachelewa karibu kiasi kilekile kila mara, na ucheleweshaji wa mwanzo unafutana na wa mwisho. Programu za simu zinazokuonyesha namba yenye tarakimu tatu baada ya nukta zinakudanganya kwa adabu. Na vile vipima upepo vidogo vya barabarani, nunua kimoja ukae nacho. Viwili vyangu kwenye tairi moja vilisoma 28 na 31, nami nilikuwa nikivibadilisha bila mpangilio.

Baada ya kuizika 60.9, ikabidi nianze lengo upya. Awamu hii nilianza na kiwanja chenyewe. Udongo wa Kisongo haukai ulivyo. Asubuhi kuna tabaka la vumbi laini juu na gari linateleza kama juu ya unga. Likishapita gari mara kumi, kumi na tano, vumbi linasukumwa pembeni na njia inakuwa ngumu, inashika. Kufika saa sita mifereji imeshachimbika kwenye kona ya 4 na gari linarukaruka. Basi tukaamua kuwa na gari la kipimo. Rafiki mmoja ana Corolla, dereva mtulivu kuliko sisi wote, naye anapiga raundi mara tatu kwa siku kwa mwendo uleule. Mapema asubuhi alipata 71.5. Saa nne, 70.2. Saa sita, 70.9. Dereva ni yuleyule na gari ni lilelile, lakini ardhi peke yake imebadilisha sekunde 1.3. Mtu aliyeweka lengo la kupunguza sekunde moja bila kusema saa ngapi ya siku, atajuaje kama ni yeye aliyepunguza?

Kingine ni hewa. Yule wa Moshi ana Altezza kama yangu, na kila akipanda huku analalamika gari limelegea. Halina ugonjwa. Kisongo tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa asilimia kama 13 kuliko pwani, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu kiasi hicho. Zile farasi 210 za kwenye karatasi ziko Tanga na Dar. Huku nakadiria nina kama 180. Sitapanga tena lengo kwa kutazama muda wa Altezza ya mtu wa Japani.

Lengo jipya nililoandika lilikuwa hili: raundi tano mfululizo, kati ya saa tatu na nusu na saa nne na nusu, tofauti kati ya ya kasi na ya pole isizidi sekunde moja. Namba ya raundi bora sikuiandika kabisa. Baba yangu, aliyekulia enzi ambazo mbio za magari za Safari Rally bado zinapita Tanzania, alilikubali mara moja. Alinikumbusha mwaka 1973, madereva Shekhar Mehta na Harry Källström walipomaliza na pointi sawasawa za adhabu, na ushindi akapewa Mehta na Datsun 240Z yake kwa sababu ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Gari la michezo lenye milango miwili, kwenye matope ya Afrika Mashariki. Mzee akiianza hiyo hadithi chai inapoa.

Seti ya kwanza chini ya lengo hili, tofauti ilikuwa sekunde 2.2. Niligawa raundi vipande vitatu, mistari yote kwenye sehemu za kasi, na nikaona kwamba vurugu karibu yote iko kona ya 5. Mara naingia kwa pupa, mkia unatoka, nasubiri gari linyooke ndipo nikanyage. Mara naingia vizuri. Na baada ya kona ya 5 ndipo unapoanza mnyooko wa mita 240, mrefu kuliko yote, kwa hiyo ukitoka vibaya unalipia mpaka mwisho wake. Nikajilazimisha kuachia breki mapema na kuingia taratibu, kilomita nne pungufu hivi, kisha mafuta mapema. Mwisho wa mnyooko nikawa nasoma 95 badala ya 90. Hiyo peke yake ni karibu nukta nne za sekunde, na bampa halikugusa tairi hata moja.

Ndipo Jumamosi ikaja. Ng'ombe walikuwa wamepita mapema kwenda majini, kwa hiyo hatukusimamishwa. Corolla ilisoma 70.3. Nikaingia, sikuangalia simu hata mara moja, nikapiga tano, nikatoka. Mdogo wangu alihesabu picha akiwa amekaa kwenye buti, mimi nimesimama na daftari, na aliposema "sitini na moja nukta nne" nilimwomba ahesabu tena. Akahesabu tena. Sijawahi kuipenda namba kiasi hiki.

Shokapu za nyuma zilikuwa zinafuata, fundi wangu wa Ngarenaro ameshazitenga. Zitasubiri, maana nimeingiwa na kitu kingine. Kuhesabu picha usiku kunachosha, nami nina Arduino ya zamani, kile kibao kidogo cha kompyuta, taa ya leza ya kufundishia na kihisi cha mwanga. Nguzo mbili, mwale katikati, gari likiukata saa inaandika. Tatizo ni vumbi: nimeleta mfuko wa udongo kutoka Kisongo, nikaupeperusha mbele ya mwale hapa uani, na saa ikaandika raundi kumi na moja ndani ya dakika moja. Nimeiambia isisikilize chochote kwa sekunde 40 baada ya gari kupita, ikatulia. Linalobaki ni vumbi la kona ya 7 linaloletwa na upepo sekunde mbili kabla gari halijafika. Upepo wa pale asubuhi unatoka mashariki, kwa hiyo nguzo nitazihamisha mita 30 upande huo na mwale niupandishe kidogo, usawa wa kitasa cha mlango. Jumamosi nitabeba vyote, pamoja na stendi ya mdogo wangu.