Swali nililouliza Kikoni

Jana usiku, katika hosteli moja hapa Kikoni, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, niliwaambia wenzangu wa kikundi cha Biblia, ambao husali kwa Kiswahili kwa kuwa wametoka Arua, Goma na Mombasa, kwamba tangu nilipomzika mama sijaweza kuomba. Hakuna aliyenikemea, dada aliyekuwa akimimina chai aliliweka birika chini, akakaa kando yangu, akasema naye aliwahi kupitia hali hiyo. Tulizungumza hadi saa sita kuhusu mashahidi wa Uganda, Wakristo waliochomwa moto Namugongo kwa ajili ya imani yao tarehe 3 Juni 1886, wengi wao wakiwa vijana, nami nikauliza kama waliogopa. Nawashukuru kwa dhati kwamba hawakuharakisha kunijibu. Ijumaa nitarudi.